Altaneta isiyo orijino kwenye gari la zamani: kuichagua, kuifunga na kuipima

Corolla ya miaka ya 1990, Mark II, Hilux yenye injini ya dizeli ya 2L au 3L: karibu zote zilitoka kiwandani na altaneta (mtambo unaozungushwa na injini ili kuzalisha umeme na kuchaji betri) ya Denso, wakati ule ikiitwa Nippondenso. Leo ukiuliza altaneta ya gari hilo Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, utaonyeshwa vitu vitatu tofauti kwa jina moja: iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa Japani, iliyofumuliwa na kufungwa upya na fundi, na mpya isiyo orijino. Zote tatu zinaweza kufanya kazi kwa miaka. Zote tatu zinaweza pia kuungua ndani ya mwezi, na mara nyingi kinachoziunguza si ubovu wa spea bali nyaya za gari lenyewe, ambazo hakuna aliyezigusa tangu gari lishuke bandarini. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mita kabla ya pochi.

Hakikisha kwanza altaneta ndiyo yenye kosa

Unahitaji mita ya kawaida ya umeme, na ukipata ile ya kubana waya inayosoma umeme wa DC ni bora zaidi.

1. Gari likiwa limelala usiku kucha, pima betri. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.2 ni nusu. Ikiwa chini ya 12.0, ichaji kwa chaja ya nje kabla ya kuendelea. Vipimo vyote vinavyofuata havina maana betri ikiwa tupu.

2. Washa gari, lisimame kwenye silensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) bila taa wala AC. Kwenye betri unatakiwa kuona volti 13.8 hadi 14.5. Injini ikishapata moto sana namba inaweza kushuka hadi 13.5, kwa sababu regulata, yaani kidhibiti cha volti cha altaneta, hupunguza volti joto linapopanda. Huo si ugonjwa.

3. Pandisha injini hadi mizunguko 2000 kwa dakika, washa taa kubwa na feni ya ndani mpaka mwisho. Volti isishuke chini ya 13.5. Ukiwa na mita ya kubana waya, zungushia waya mnene wa altaneta: vitabu vya Toyota vya magari haya vinataka ampia 10 au chini bila mzigo betri ikiwa imejaa, na ampia 30 au zaidi ukiwa na mzigo.

4. Bado mzigo umewashwa, weka ncha nyekundu ya mita kwenye bolti ya B ya altaneta (pale waya mnene unapofungwa) na nyeusi kwenye kichwa chenyewe cha chanya cha betri, si kwenye kibano. Ukiona zaidi ya volti 0.3, umeme unapotea njiani: waya umeoza, nati imelegea au kiungo cha fyuzi kubwa kimeungua nusu. Kisha pima kutoka kwenye bodi ya altaneta hadi kichwa cha hasi. Hapo usizidi 0.2.

5. Geuza mita isome AC na upime kwenye betri injini ikiwaka. Zaidi ya volti 0.5 ni dalili kwamba daiodi moja au zaidi (zinazogeuza umeme wa AC wa altaneta kuwa DC) imekufa.

Kama altaneta haichaji kabisa, chomoa soketi yake, washa swichi bila kuwasha injini, upime pini. Toyota nyingi za wakati huo zina pini tatu: IG, S na L. IG iwe na volti ya betri swichi ikiwa imewashwa. S iwe na volti ya betri muda wote. Kwenye magari mengi fyuzi yake imeandikwa ALT-S katika sanduku la upande wa injini. L ukiigusisha ethi (bodi ya gari), taa ya betri kwenye dashibodi iwake. Pini moja tu ikikosa umeme, altaneta yoyote utakayonunua haitachaji, au itachaji vibaya.

Ipo dalili nyingine inayodanganya watu wengi: betri inakufa usiku lakini mchana gari linachaji vizuri. Asubuhi kabla ya kuwasha, shika altaneta. Ikiwa na uvuguvugu wakati gari limelala nje, daiodi inavuja na umeme wa betri unarudi ndani yake.

Jambo moja la kuachwa kabisa, hata kama fundi wa mtaani analifanya kila siku: kutoa kibano cha betri injini ikiwaka ili "kuona kama altaneta inazalisha". Betri ndiyo inayomeza mishtuko ya volti. Ukiitoa, volti hupanda ghafla mara kadhaa ya kawaida, na kinachokufa ni daiodi, regulata au kompyuta ya injini. Gari likiendelea kuunguruma halijathibitisha kitu ambacho mita isingekuonyesha bila hatari.

Kabla ya kununua nyingine, ifungue ya zamani

Altaneta ya Denso ya miaka 25 yenye kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye rota inayozunguka) zilizoisha ina thamani kuliko nyingi za maboksi mapya. Ifungue upime. Kaboni mpya hutokeza milimita 10.5 nje ya kishikizo chake. Zikibaki milimita 1.5 zimeisha. Pete za shaba ambazo kaboni husugua huwa na kipenyo cha milimita 14.2 hadi 14.4 kwenye altaneta nyingi za Toyota ndogo, na kikomo ni 12.8. Kati ya pete mbili, rota isome takriban omu 2 hadi 4. Kati ya pete na shafti isisome kitu kabisa. Stata, yaani koili zisizozunguka, ichunguze kwa macho na pua: koili nyeusi yenye harufu ya kuungua haitengenezeki kwa bei ya maana.

Rota na stata zikiwa nzima, badilisha kaboni, regulata na beringi zote mbili. Namba ya beringi imechapwa ubavuni mwake. Soma hiyo, usinunue kwa kukadiria, na chukua ya kampuni inayojulikana. Kaboni hulehemiwa kwa risasi, na waya wake mdogo unatakiwa ubaki laini: risasi ikipanda juu ya waya, kaboni hukwama isishuke inapoisha. Kazi hii ikifanywa vizuri, tatizo la "isiyo orijino" linabaki kwenye regulata peke yake, na hiyo ni rahisi kuibadilisha tena.

Ipi ya kuchukua ikiwa lazima ununue

Kwa gari la familia, tungeanza na iliyotoka Japani, mradi ipimwe kwenye mashine mbele yako. Imechoka, lakini shaba yake ni shaba na inakaa kwenye nafasi yake bila kulazimishwa. Ya pili ni mpya isiyo orijino kutoka kwa muuzaji anayetoa dhamana ya maandishi. Iliyofumuliwa na fundi inategemea fundi: wengine hubadilisha kila kilichochoka, wengine hupuliza rangi ya fedha juu ya uchafu. Rangi mbichi kwenye vichwa vya bolti na juu ya lebo ni alama ya wale wa pili.

Jina kwenye boksi usilitegemee. Maboksi ya kampuni kubwa huchapishwa kama khanga. Tazama namba. Kwa Toyota, namba ya altaneta nyingi huanza na 27060 ikifuatiwa na tarakimu tano; namba ya Denso yenyewe mara nyingi huanza na 100211, 101211 au 102211. Namba kwenye mwili ifanane na ya lebo, na lebo isiwe karatasi inayobanduka kwa ukucha.

Ampia zilizoandikwa nazo zisome kwa tahadhari. Altaneta iliyoandikwa 100A hufika hapo shafti yake ikizunguka karibu mara 6000 kwa dakika, tena ikiwa baridi. Kwenye silensa, injini ikiwa ya moto, nyingi hazifiki nusu. Sasa fikiria foleni ya jioni mvua ikinyesha: taa mbele wati 110 kwa jozi, yaani ampia 9, feni ya ndani 10 hadi 15, feni ya rejeta na ya kondensa 8 hadi 12 kila moja, pampu ya mafuta 4 hadi 6, waipa kiasi hicho hicho, na mfumo wa kuchoma na kupuliza mafuta 5 hadi 8. Ukijumlisha unapata ampia 48 hadi 68, ingawa feni hazizunguki muda wote. Ndiyo maana altaneta hafifu inaonekana nzima barabara kuu ya Chalinze na inashindwa palepale mjini.

Vitu vinavyopaswa kulingana

Beba ya zamani dukani. Picha ya simu haitoshi, kwa sababu mambo mengine hayaonekani mpaka uweke mbili ubavu kwa ubavu.

Volti. Hilux ni ya volti 12, lakini Coaster, Dyna na baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani ni za 24. Miili yake inafanana mno.

Masikio ya kufungia. Upana wa sikio la chini ulingane na wa zamani hadi milimita moja. Likiwa jembamba, usijaze nafasi kwa washa zilizorundikwa zisizolingana. Tumia bushi moja ya chuma iliyokatwa kwa kipimo. Likiwa pana, usilifaili mpaka uwe na uhakika ni upande upi wa kupunguza, maana ukikosea puli inahama. Angalia pia pembe: sikio la juu likiwa limegeuzwa kidogo, bolti ya B inaweza kuelekea kwenye bloku ya injini. Huo ni moto unaosubiri siku yake.

Puli. Hesabu mifereji: fenbelti ya 4PK (ya mifereji minne) haikai kwenye puli ya V, na puli ya mifereji mitano itabeba belti ya minne lakini pengine nje ya mstari. Kipenyo nacho ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Tuseme puli ya injini ni milimita 130 na ya altaneta ni 55: injini ikiwa mara 750 kwa dakika, altaneta inazunguka kama 1770. Ukipewa puli ya 65 inashuka hadi 1500, na altaneta nyingi ndiyo kwanza zinaanza kuzalisha karibu na hapo. Mara nyingi suluhisho ni kuhamisha puli yako ya zamani kwenye altaneta mpya. Tumia bunduki ya hewa kufungua nati yake. Kubana mapanga ya feni kwa bisibisi ili kuishika huyavunja.

Soketi na regulata. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Pini zikiingia haimaanishi kazi zake ni zile zile. Kwenye Toyota ya pini tatu, regulata huamshwa na IG, huchungulia volti ya betri kupitia S, na L kazi yake ni taa. Altaneta nyingi za Nissan zina pini mbili tu, S na L, na zinaamshwa na umeme mdogo unaopita kwenye taa ya dashibodi. Ukifunga ya namna hiyo kwenye gari lingine, L lazima ipitie taa ya wati 2 au 3. Ukiipa umeme wa moja kwa moja wa swichi, siku regulata itakapoivuta ethi itaungua papo hapo. Kwa sababu hiyo hiyo, ukibadilisha balbu ya dashibodi kuwa ya LED, altaneta ya aina hii inaweza kukataa kuamka mpaka ukanyage mafuta. Honda nyingi za miaka ya 1990 zina pini nne na kompyuta inashiriki kudhibiti volti; hizo usizibunie, tafuta inayolingana.

Regulata nyingine za bei ndogo zina pini ya S ya mapambo tu: haijaunganishwa na kitu ndani. Hapo volti hupimwa kwenye altaneta yenyewe, na chochote kinachopotea kwenye waya betri haikioni. Altaneta inasema 14.2, betri inapata 13.6, na mwenye gari analaumu betri.

Uzito. Weka zote mbili kwenye mizani. Mpya ikiwa nyepesi kwa kiasi cha kuhisi mkononi, koili zake huenda ni za alumini. Irudishe.

Mwisho izungushe kwa mkono. Isikwaruze, isiwe na mchezo wa kushoto na kulia, na feni izunguke bila kugusa. Kisha iende kwenye mashine ya kupimia. Maduka mengi yameandika ukutani kwamba spea za umeme hazirudishwi, kwa hiyo wakati wa kuikataa ni kabla ya risiti. Omba izungushwe ikiwa na mzigo kwa dakika tano angalau. Inayokufa ikipata joto hujionyesha hapo.

Dizeli yenye pampu ya vakyumu

Kwenye 2L na 3L, nyuma ya altaneta kuna pampu inayovuta hewa kwa ajili ya busta ya breki. Kufunga altaneta ya petroli isiyo na pampu "kwa muda" ni kuondoa nguvu ya breki, basi. Unapobadilisha, hamisha au nunua yenye pampu, weka washa mpya za shaba kwenye bomba la oili, na miminia oili ya injini kidogo kwenye tundu la pampu huku ukizungusha puli kwa mkono ili isianze ikiwa kavu. Hosi ya kurudisha oili isiwe imekunjika wala kuziba: oili isipopata njia hupenya sili, hulowesha kaboni na kuua altaneta mpya. Kabla ya kutoka gereji, acha injini iungurume kwa dakika moja kisha kanyaga breki. Pedali ikiwa ngumu kama ukuta, gari lisiondoke.

Kufunga

Toa kibano cha hasi cha betri kwanza. Bolti ya B haina swichi. Spana ikigusa bodi hapo, cheche zitachomelea spana.

Legeza bolti ya kukazia ya juu (kwenye Corolla mara nyingi spana 12) na ya chini ya egemeo (14), rudisha skrubu ya kurekebishia, toa belti, kisha soketi na nati ya B. Kabla ya kuweka mpya, sugua sehemu za masikio na za braketi mpaka chuma king'ae. Ethi ya altaneta inapita hapo. Rangi na kutu ni upinzani.

Sasa waya. Kama altaneta ya zamani ilikuwa ya ampia 60 na mpya ni ya 80 au 100, waya wa zamani hautoshi. Kwa urefu wa mita moja na nusu, waya wa milimita 6 za mraba ukibeba ampia 80 unapoteza karibu volti 0.35, na unapata moto. Wa milimita 16 unapoteza 0.13. Tumia huo, wenye vichwa vilivyobanwa kwa koleo maalumu, si kugongwa kwa nyundo. Fyuzi ya altaneta ibaki ile inayolinda waya uliopo: kuweka kubwa bila kubadilisha waya ni kuufanya waya wenyewe uwe fyuzi. Ongeza pia waya wa ethi kutoka kwenye injini hadi hasi ya betri kama wa zamani umegeuka kijani.

Nati ya B ikazwe imara lakini kwa kiasi. Bolti yake ni ndogo na hukatika au huzunguka ndani na kung'oa kiungo cha daiodi. Ivike kifuniko cha mpira.

Weka rula iliyonyooka kwenye uso wa puli ya injini hadi ya altaneta kuhakikisha ziko mstari mmoja. Kaza belti: ukiibonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu ya takriban kilo 10 katikati ya nafasi ndefu, ishuke milimita 8 hadi 12. Belti ikiwa mpya, ikaze tena baada ya siku chache.

Washa gari ukiwa na betri iliyochajiwa. Rudia vipimo vya 2 hadi 5. Kisha liendeshe nusu saa na AC, upime tena likiwa la moto: hicho ndicho kipimo cha kuandika. Ukiona zaidi ya volti 15, zima. S haifiki kwenye betri au regulata ni mbovu, na betri itachemka.

Ikifa mapema, soma ilivyokufa

Regulata iliyoungua ndani ya wiki chache mara nyingi ilifungwa kwenye betri mfu na kulazimishwa kuzalisha kwa nguvu zote saa nzima, au ililoweshwa na oili inayovuja kwenye kifuniko cha valvu au pampu ya stelingi juu yake. Daiodi zilizokufa kwa pamoja huelekeza kwenye betri iliyounganishwa kinyume wakati wa kuazima umeme, kibano kilichotolewa injini ikiwaka, au nati ya B iliyolegea. Mlio wa beringi wiki ya pili ni belti iliyokazwa kupita kiasi au puli iliyo nje ya mstari. Beringi ya mbele ndiyo huanza. Mlio unaokuja baada ya kuosha injini kwa maji ya presha una sababu iliyo wazi.

Taa ya betri inayowaka hafifu sana, usiku tu, wakati volti ziko sawa, kwa kawaida ni tofauti ndogo ya umeme kati ya IG na bolti ya B: pima zote mbili injini ikiwaka. IG ikiwa chini kwa zaidi ya nusu volti, fuata waya wake hadi kwenye swichi ya ufunguo, ambayo kwa gari la umri huo sahani zake za ndani huwa zimelika.